Yoyo ya elfu nane, sasa haiitiki tena

Wiki tatu zilizopita nilikuwa napekua rundo la vitu vya watoto pale Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, vigari visivyo na tairi, midoli, mkono ukagusa kitu cha baridi na kizito nikajua hii siyo plastiki. Yoyo ya aluminiamu, kile kidude cha visahani viwili kinachoshuka na kupanda kwenye kamba! Rangi ya bluu imechubuka pembeni, mwanya mpana katikati, ndani ina beringi. Muuzaji alianzia elfu kumi tukamalizana kwa nane, nikatembea mpaka Majengo nimeishika mfukoni njia nzima.

Nyumbani ndo nikaona shida. Naitupa, inafika mwisho wa kamba inalala, yaani inazunguka palepale chini bila kupanda, sekunde tatu hivi, nikitikisa mkono kidogo tu inaruka kurudi kwa nguvu, na kile ni chuma, siku ya pili ilinigonga kifundo cha mkono hadi kikombe cha chai nikakishikia mkono wa kushoto. Kwa mtu anayejifunza kutupa na kudaka hiyo ni sawa kabisa, yoyo inatakiwa iitike, yaani ukiishtua kidogo irudi yenyewe mkononi. Ila mi nataka zile za kuilaza juu ya kamba, kuirusha toka kamba hii kwenda ile, na huko kila saa unalegeza kamba, sasa yoyo inayoitika ukilegeza tu yenyewe inajua imeitwa. Inatakiwa ibaki inazunguka hata uivute vipi, mpaka wewe mwenyewe uamue kuirudisha.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi maana ukishaelewa hapa, mengine yote yanakuja yenyewe. Kamba ya yoyo haifungwi, inazungushwa kama kitanzi tu, na hicho kitanzi ndo kiliziwezesha kulala zile yoyo za Pedro Flores, yule Mfilipino aliyeanza kuzitengeneza California mwaka 1928. Enzi hizo kitanzi kilikaa kwenye kijiti cha katikati, siku hizi kinakaa juu ya beringi, kwa hiyo pete ya nje inatulia na kamba wakati pete ya ndani inazunguka na yoyo. Beringi ikijaa grisi nzito pete ya nje inaburutwa na yenyewe, nayo inaiburuta kamba, kamba ikilegea inagusa raba zilizobandikwa kila upande wa mwanya, raba zinaidaka na yoyo imeshapanda. Bei haihusiki hapo! Ni grisi na raba tu, na vyote viwili unaweza kuvibadilisha mwenyewe.

Nikaenda kwa anko, fundi pikipiki.

"Shikamoo anko, naomba petroli kidogo, ya kuoshea beringi."

"Marahaba. Beringi ya nini, baiskeli?"

Nikampa. Akaisukuma kwa ukucha, haikumaliza hata mzunguko mmoja. "Hii wameisindilia grisi, haiwezi kukimbia hata kidogo," akasema, akatoa kalipa yake tukapima: ndani milimita 6.35, nje 12.7, upana 4.76. Wacheza yoyo wanaiita saizi C, na nilishukuru kuona ni pana, kwa sababu kuna yoyo za wanaoanza zinakuja na beringi yenye mduara huohuo ila nyembamba ili mwanya ubane, na hiyo hata uioshe mwezi mzima bado itaitika, dawa yake ni kutafuta ya upana kamili.

Pembeni ya beringi kuna vifuniko vyembamba vinashikiliwa na kipete chembamba chenye mwanya, unakichokonoa kwa sindano taratibu (fanya juu ya kitambaa, kikiruka sakafuni hukioni tena). Tukaitumbukiza kwenye kikopo, nje, mbali na moto, tukatikisa, petroli ikageuka ya kijivu, tukabadilisha mara tatu. Ilipokauka anko akaipiga tena kwa ukucha ikaimba muda mrefu mpaka wateja wakageuka. Kavu hivyo inapiga kelele na inaisha haraka, kwa hiyo nikaweka tone moja la oili ya cherehani, tone moja kweli, ukizidisha umerudi ulikotoka.

Raba nilikosea. Zangu zilikuwa nene zimetokeza juu ya ukuta wa mwanya, nikazing'oa zote nikajua nimemaliza. Yoyo ikalala vizuri mno lakini haikurudi kabisa, kamba inateleza tu kwenye aluminiamu. Ukitaka kuirudisha yoyo isiyoitika unakunja kamba kidogo unailisha kwenye mwanya ikiwa inazunguka, kamba zinakuwa mbili tatu pamoja, zinajaa, zinagusa raba, inajizungushia. Sasa raba kama hakuna zitagusa nini? Basi nikarudi kwa anko akanipa silikoni nyekundu anayopakaa kwenye injini, nikajaza mifereji yote miwili zilimokuwa raba, nikasawazisha kwa kadi kuukuu ya laini ya simu mpaka ikawa usawa mmoja na ukuta, au chini yake kwa unywele. Ilinuka siki chumba kizima. Nikaiacha siku nzima ikauke, na nakusihi usiwe na haraka hapo, ukifunga ikiwa mbichi kamba inaichana.

Kamba nilisokota mwenyewe, uzi wa poliesta wa fundi nguo, nyuzi nane ndefu, unasokota sana halafu unakunja katikati inajisokota yenyewe, pale ilipojikunja unapanua kidogo ndo kitanzi cha beringi. Pamba ina manyoya na manyoya yanadakwa. Urefu toka sakafuni mpaka kitovuni. Kurudisha skrubu ya katikati usikaze kwa nguvu, aluminiamu ni laini, meno yakifa ndani hakuna fundi atakayekusaidia.

Jumapili jioni nikatoka nayo uani. Nikatupa, ikashuka, nikavuta, kimya. Nikavuta tena kwa nguvu, iko palepale inanguruma chini kama nyuki. Nikailaza kwenye kamba, ikakaa! Nikaitoa nikairudisha, halafu nikakunja kamba nikailisha, ikapanda ikagonga kiganja pa! Nilifanya hivyo mpaka giza likaingia na kidole kikawa na alama ya kamba hadi asubuhi.

Ila kwa wenzangu wa Moshi: vumbi la hapa wakati wa kiangazi ni adui. Ukisikia mlio umekuwa mkali, au imeanza kuitika tena bila sababu, usiguse raba, fungua beringi uioshe kwanza. Yangu nimeshaiosha mara mbili ndani ya wiki tatu, na sasa natembea nayo ndani ya soksi.