Vibao vya breli kwenye ploti ya ghorofa: jinsi nilivyofanya visomeke kwa kidole

Wanaokwambia kibao cha breli, yaani maandishi ya nukta ya wasioona, ni stika unayobandika mlangoni kisha unaenda zako, hawajawahi kukisoma kwa kidole. Ushauri huo niliupata kwa fundi wa mabango, kwa keateka, hata kwa mhandisi ambaye alifaa kujua zaidi. Ploti yenyewe iko Migosi, Kisumu: ghorofa nne ukihesabu ya chini, nyumba nne kila ghorofa, A hadi D. Kuna wapangaji wasioona, na mwenye nyumba alitaka kila mlango ujulikane bila mtu kumbishia hodi jirani.

Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa, kupata habari na kutumia breli. Lakini Katiba haitaji milimita, na fundi bila milimita atakufanyia atakavyo. Milimita nilizitoa kwenye sehemu ya 703 ya viwango vya ADA, sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, vya mwaka 2010. Usimtishe landilodi kwa hiyo ADA, maana hata huko kwao haishiki nyumba za watu binafsi za kupanga, isipokuwa sehemu zinazoingiwa na umma kama ofisi ya kukodishia. Nilichukua vipimo tu, kwa sababu kidole cha Mmarekani na cha Mkisumu ni kilekile.

Nukta iwe ya duara kwa juu, kitako chake milimita 1.5 hadi 1.6, kimo 0.6 hadi 0.9. Nukta hadi nukta ndani ya seli, yaani nafasi ya herufi moja yenye nukta hadi sita, ni 2.3 hadi 2.5, na seli hadi seli ni 6.1 hadi 7.6. Atakayekwambia uikuze breli "ionekane vizuri" mkatalie. Ncha ya kidole hushika seli moja kwa mguso mmoja. Ukiikuza, msomaji anabaki akikusanya nukta mojamoja.

Duka la kwanza lilileta nukta zilizochapwa kwa wino, bapa kabisa. Hiyo ni picha ya breli. Duka la pili lilileta nukta zilizoinuka, safi, vipimo sawa, nikaona kazi imeisha. Mama mmoja mpangaji, msomaji wa breli tangu shule ya msingi, akapitisha kidole kwenye kibao cha 3B. "Kijana wangu, hapa pameandikwa thelathini na mbili. Ploti hii ina nyumba ngapi?"

Hapo ndipo wengi wanaangukia, kwa hiyo soma polepole. Breli haina tarakimu zake. Hutumia herufi a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba, yaani nukta 3, 4, 5 na 6 (1 hadi 3 hushuka kushoto mwa seli, 4 hadi 6 kulia). Herufi c ikifuata alama hiyo ni 3. Herufi b ikifuata hapo hapo bila kitu katikati, inasomwa 2. Duka liliandika alama ya namba, c, b. Na kwa kuwa nyumba zetu zote ni A hadi D, hakukuwa na mlango hata mmoja uliokuwa sawa: 1A ilikuwa 11, 4D ilikuwa 44. Dawa ni seli moja yenye nukta ya 6 peke yake, alama ya herufi kubwa, kabla ya B. Inavunja mfululizo wa namba. Kwa hiyo 3B ni seli nne: 3-4-5-6, kisha 1-4, kisha 6, kisha 1-2.

Kibao cha maneno nacho kina mtego wake. Programu nyingi za kugeuza maandishi kuwa breli zimewekwa kwenye breli ya mkato ya Kiingereza, ambamo kundi la herufi huwa alama moja. Ziandikie GHOROFA, zitakunja o na f kuwa alama moja. Ziandikie HATARI, zitakunja a na r. Zima mkato, toa herufi kwa herufi, kisha mpe msomaji wa breli karatasi aisome kabla hujachonga chochote.

Baada ya hapo niliacha maduka, nikatengeneza vyangu na fundi wa Kibuye. Kibao ni paspeksi, ile plastiki ngumu kama kioo, ya milimita 3 isiyong'aa. Nukta ni gololi za chuma kisichoshika kutu za inchi moja ya kumi na sita, karibu milimita 1.59. Za baiskeli ni kubwa mno, usidanganywe. Kwa milango yote 16 hesabu inatoka gololi 144, lakini nunua 200, maana zikidondoka sakafuni zimeenda. Chuma cha kawaida kitashika kutu kwa unyevu wa ziwa na kuchafua kibao chote.

Toboa kwa keekee ya milimita 1.5, tundu liende chini kama milimita moja. Polepole, kwa matone ya maji ya sabuni. Ukikimbiza mashine paspeksi inayeyuka, tundu linapanuka, gololi inacheza. Shika kila gololi kwa kijiti cha kiberiti chenye Vaseline kidogo na uiketishe juu ya tundu lake. Usigonge kwa nyundo, paspeksi itapasuka. Kata vipande viwili vya shiti ya geji 22, ambayo unene wake ni milimita 0.7 na kidogo, uvilaze kando ya nukta, moja kushoto na moja kulia. Funika kwa bamba la chuma lililonyooka, kaza yote ndani ya jiliwa, kile kibanio cha fundi. Bamba linasukuma gololi mpaka linapogota kwenye vile vipande, basi. Nukta zote zinabaki na kimo kimoja, ndani ya ile 0.6 hadi 0.9, bila kupima moja baada ya nyingine. Na kwa kuwa zaidi ya nusu ya gololi imezama, sehemu yake nene imepita mdomo wa tundu na paspeksi inaibana. Watoto wa ngazini wamejaribu kuzichokoa kwa kucha. Bado zipo zote.

Breli peke yake haitoshi. Aliyepoteza macho ukubwani mara nyingi haisomi, ila herufi ya kawaida iliyoinuka anaitambua. Ziwe herufi kubwa zisizo na vikia, vile vistari vya mapambo kwenye ncha, zimeinuka angalau milimita 0.8, kimo kati ya 16 na 51. Mimi nilitumia 25, zikakatwa kwenye paspeksi ya 1.5. Breli ikae chini yake, pengo lisipungue milimita 9.5. Ukigandisha herufi kwa kloroformu, gandisha kwanza, acha zilale usiku kucha, ndipo ukandamize gololi. Ukigeuza mpangilio huo, kloroformu inatambaa hadi kwenye matundu yaliyobanwa na kutoa nyufa ndogo kama za kioo.

Sasa mahali pa kukiweka. Kisibandikwe kwenye mlango wenyewe. Kiwe ukutani upande wa kitasa, mstari wa maandishi ukiwa kati ya milimita 1220 na 1525 kutoka sakafu iliyomalizika. Vyangu vyote viko 1400. Mbele yake paachwe nafasi ya kusimama ya 455 kwa 455 isiyopitwa na mlango unaofunguka. Kwetu shida ni geti la vyuma linalofunguka nje: kibao kikiwa upande wa bawaba, msomaji anapigwa au kibao kinafichwa. Na pale kitasa cha 2A kinapokutana na bawaba ya 2B kwenye kipande kimoja cha ukuta, kibao cha katikati ni cha nani? Ni cha 2A, chenye kitasa: kisogeze kwenye fremu ya mlango huo hadi pengo libaki sentimita tano, na usiivunje kanuni hiyo mlango wowote.

Ukuta wa jioni, unaotazama magharibi, usiuwekee kibao cheusi. Jua la Kisumu litakipasha hadi kidole kikatae. Pale niliweka herufi nyeusi juu ya kijivu hafifu. Skurubu ziwe kwenye pembe, mbali na maandishi, vichwa vimezamishwa, la sivyo zinasomwa kama nukta. Tepu ya pande mbili kwenye plasta yenye vumbi haishiki. Toboa, weka rolplagi.

Usisahau ubao wa mita za stima. Hapo ndipo mpangaji asiyeona anapokwama zaidi, kwa sababu swichi kuu zote zinafanana. Vibao vidogo vya namba ya nyumba chini ya kila swichi viligharimu kama soda.

Gharama yote? Elfu moja na ushei kwa kibao, na gololi zilinikausha mfuko kwa sababu ziliagizwa Nairobi.

Mchoraji wa rangi ndiye adui anayefuata. Akipaka korido mara mbili juu ya kibao, mianya kati ya nukta inajaa na breli inakufa bila mtu mwenye macho kujua. Mwachie keateka tepu ya kufunikia (masking tepu) na amri ya kufunika kila kibao kabla ya brashi. Rangi ya maji ikishaingia, loweka kibao kwa kitambaa chenye maji ya sabuni vuguvugu, kisha sugua kwa mswaki laini. Thina usiiguse, itapasua paspeksi palepale gololi zinapobana.