Jinsi nilivyojifunza kuwatambua jasidi wa msituni Amani

Mliolima pamba au bamia mnawajua jasidi, vile vidudu vya kijani ukigusa jani vinakimbia upandeupande kama kaa halafu vinaruka. Nilidhani ndo hao hao tu mpaka nilipoenda Amani, Usambara Mashariki, kufanya kazi yangu ya chuo. Kumbe jamii yao ina spishi zaidi ya 20,000 zenye majina, na huko misituni bado wako wengi ambao hawajapewa jina.

Usiku tulikuwa tunatundika shuka jeupe tunawasha taa wanakuja wenyewe, mchana napitisha wavu vichakani. Mzee aliyekuwa anatuongoza akaniambia, "Mwanangu, hapa barabarani utapata walewale wa shambani, shuka pale kijitoni penye kivuli." Nikashuka, na kweli kila nikipitisha wavu natoa sura ambazo sijawahi kuziona.

Niliporudi maabara nikawagawa kwa rangi, nikapata mafungu 17. Msimamizi wangu akainama kwenye hadubini akauliza swali moja tu, "Madume wako wapi?"

Sikuelewa. Ndo akanifundisha kwamba rangi inadanganya sana, dume na jike wa spishi moja wanaweza wasifanane hata kidogo, na ukiwaacha kwenye spiriti muda mrefu ule ukijani unageuka njano. Kinachotenganisha spishi ni viungo vya uzazi vya dume. Unakata ncha ya tumbo, unailoweka kwenye potasiamu haidroksaidi asilimia 10 mpaka nyama iyeyuke libaki gamba, unasuuza kwa maji, unaweka kwenye tone la gliserini halafu unageuza taratibu kwa sindano, na hapo usipumue kwa nguvu maana kitu chenyewe hakifiki hata milimita moja. Wawili wa kwanza niliwaharibu. Wa tatu kikatokea kitu kama ndoana, rangi ya chai ya rangi, ncha imegawanyika kama ulimi wa nyoka. Nikachukua mwingine wa fungu lilelile, rangi ileile, nikakuta ncha yake imenyooka! Fungu moja, spishi mbili. Mafungu mengine mawili niliyoyatenga yakawa dume na jike wa aina moja.

Nilivyomaliza akabaki mmoja ambaye hayumo kwenye maelezo yoyote tuliyoweza kuyapata. Moyo ulinienda mbio, ila kutokumpata kwenye vitabu haitoshi kusema ni mpya, inabidi umlinganishe na ndugu zake wote waliokwisha kuelezwa, hata wa zamani sana. Mtafiti Alvin Helden alimkuta jasidi mmoja wa aina hiyo msitu wa Kibale, Uganda, mwaka 2018, akamtangaza 2022 kwa jina Phlogis kibalensis, na jenasi hiyo ya Phlogis, yaani kundi la spishi za karibu, mara ya mwisho ilikuwa imeonekana 1969 Jamhuri ya Afrika ya Kati. Miaka minne kwa mdudu wa milimita 6.5, na mimi naona ni haki yake kabisa.

Wangu nimembandika kwenye kipande kidogo cha karatasi cha pembetatu, chini yake lebo: mahali, mwinuko, tarehe, mmea aliokuwa juu yake. Bila lebo hiyo nisingejua nirudi wapi. Nina dume mmoja tu, kwa hiyo mvua zikianza narudi kwa mzee, palepale kijitoni, kutafuta wenzake.