Pepo aliulizwa anataka nini

Watu wakiitaja filamu ya Hereditary huanza na kichwa cha yule binti, Charlie, kilichokatwa kwenye nguzo ya simu. Mimi nilikwama mahali pengine, mapema zaidi. Annie, mama wa ile familia, amekwenda kwenye kikao cha watu waliofiwa. Mama yake ndiyo kwanza kazikwa. Mwanzoni hataki kusema, kisha maneno yanamtoka yote kwa mpigo: baba yake alijinyima chakula mpaka akafa, na kaka yake alijinyonga akiwa na miaka 16, akaacha barua inayomlaumu mama yao kwamba alikuwa akitia watu ndani yake. Annie analisimulia hilo kama dalili ya ugonjwa wa akili. Hapo nilisimamisha filamu, nikateremka kunywa maji.

Tulikuwa juu darini, mtaa wa Langoni, mimi na binti ami yangu. Yeye ndiye aliyeileta kwenye flashi, akasema ni filamu ya mashetani, imetengenezwa na Ari Aster, ya mwaka 2018. Niliporudi na gilasi ya maji hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshajua namfikiria nani.

Hapa Lamu bibi mwenye pepo akifariki, watu husubiri kuona ni nani atarithi. Pepo wa bibi haendi naye kaburini. Humtafuta mjukuu, na mara nyingi ni mjukuu wa kike. Bibi yetu mzaa mama alikuwa na wake, wa aina iitwayo ruhani, mpenda udi na marashi ya mawaridi, na tuliishi naye nyumbani kama mgeni wa heshima. Sikuwahi kumwogopa. Bibi mwenyewe alikuwa mpole kupita kiasi, na siku alizopandwa kichwani ndizo siku nilizomsikia akidai kitu kwa babu na kukipata. Nayaandika haya ili mtu asidhani nimekuja kuwatukana wazee wangu.

Bibi akafariki. Muda si muda mtoto wa dada naye akafariki.

Alikuwa hajaota jino. Homa ilianza alasiri, kufikia alfajiri hatunaye. Akaoshwa, akavikwa sanda, na ami akampakata mikononi akatoka naye mlangoni, wanaume nyuma yake. Sisi wanawake tukabaki na misahafu. Dada alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, halii. Maziwa yalikuwa yakimtoka yenyewe. Niliona madoa mawili kwenye dera yakipanuka mpaka yakakutana. Shangazi akamjia kwa nyuma na leso, akamfunga kifua, akavuta fundo kwa nguvu, huku akizungumza na wanawake wengine juu ya kichwa chake: maziwa yakiganda yatamletea homa, bana zaidi hapa, hapana, hapa chini. Walikuwa wanajua kazi yao na walikuwa wanampenda. Wala hakuna aliyeinama kumwambia, mwanangu, nakufunga sasa, utaumia kidogo.

Kazi ya Annie kwenye filamu ni kutengeneza vinyumba vidogo vya mfano, na vingi vinaonyesha maisha yake mwenyewe. Kimojawapo kinamwonyesha mama yake ametoa titi, anataka kumnyonyesha Charlie, mjukuu wake, yeye mwenyewe. Filamu haikai sana hapo. Mimi nilikaa. Baadaye tunajua kwamba Annie alimzuia mama yake asimkaribie Peter, mwanawe wa kwanza, na Charlie alipozaliwa akamwachia. Na ndani ya ndoto moja Annie anamwambia Peter kwamba hakutaka kuwa mama yake, kwamba alijaribu kuiharibu ile mimba na mama yake ndiye aliyemshinikiza azae. Anayasema huku ameshika mdomo, kama aliyechelewa kuyazuia. Tumbo lilikuwa lake, uamuzi ulikuwa wa mtu mwingine, na miaka yote hiyo kijana amelelewa juu ya jambo hilo bila kuambiwa.

Halafu kuna kilio. Charlie amekufa usiku garini, Peter amemwacha humo, amerudi nyumbani kimya akalala na nguo zake, na asubuhi tunamsikia mama akitoka kwenda garini. Kamera haimfuati. Inabaki kwenye uso wa kijana, nasi tunausikia tu ule ukelele. Kisha Toni Collette, anayemwigiza Annie, yuko sakafuni, anasema anataka kufa, mwili mzima unalia. Binti ami alifunika masikio. Sisi hatulii hivyo. Tunaambiwa subira, Mola ametwaa amana yake, mtoto atakushika mkono mlangoni peponi. Nayaamini maneno hayo, tena mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwambia dada. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sikumbuki matanga yale tukimpa dada nafasi ya kuutoa uchungu wenyewe kabla hatujamletea dawa yake.

Hitima ikasomwa, wageni wakaondoka, dada bado hasemi. Chakula anakigusa tu. Usiku tunamkuta kiwandani, yaani uani mwa nyumba, ameketi gizani. Hapo ndipo neno lilipoanza, kwanza kwa shangazi, kisha kwa jirani, kisha kwa mama mwenyewe: bibi kamchagua. Mume wake akakubali. Baba alinyamaza, na kunyamaza kwa baba kwetu ni kukubali. Akaitwa fundi wa kupunga pepo.

Nyumba yetu iko mtaa wa Mkomani, ya mawe ya kale. Unapita daka la mlangoni, unaingia kiwandani, unafuata misana, vile vyumba virefu, unafika ndani penye zidaka, vishubaka vya ukutani, na nyuma kabisa ndiyo nyumba ya kati, chumba kidogo kisicho na dirisha ambamo zamani wanawake walijifungulia na maiti waliogeshwa. Dada alilazwa humo. Hereditary inaanza kwa kamera kusogea taratibu kwenye kinyumba cha mfano, inaingia chumba kimoja, na papo hapo chumba kinakuwa cha kweli: kijana amelala kitandani na baba yake anafungua mlango kumwamsha aende mazikoni. Niliisikia harufu ya ubani, naapa, hapo darini penye upepo.

Mji mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001. Baba alipotaka kuvunja ukuta wa nyuma apanue choo, alilazimika kuomba ruhusa, wakaja watu kupima na kuangalia, wakaijadili chokaa na boriti. Ni sawa, ukuta ule umetuzidi umri sote. Nilikuwa nikiulizia moyoni usiku ule wa ngoma: ruhusa ya mwili wa dada iliombwa wapi?

Fundi alikuwa mama mtu mzima, mwenye heshima zake, na simsemi vibaya. Najua wanawake waliotoka kwenye ngoma yake wakiwa wepesi, wakaweza kurudi jikoni na kucheka. Ubani ukafukizwa, ngoma zikapigwa, wakaimba mpaka dada akaanza kutikisika mabega. Fundi akamwinamia, akasalimia kwa adabu kubwa. Karibu. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Chumba kizima kikatulia kusikiliza. Wakasikia pete ya fedha, wakasikia leso nyeupe, wakasikia halua. Mume wa dada akatikisa kichwa, vitapatikana.

Tangu mtoto azikwe, hakuna aliyekuwa ameusogelea uso ule na kuuliza unataka nini. Na swali lilipokuja, liliulizwa kwa mwingine.

Ndiyo maana mwisho wa filamu haukunishangaza kama ulivyomshangaza binti ami. Paimon, yule pepo anayeabudiwa na bibi wa filamu na wenzake, Aster hakumbuni. Anatajwa kwenye vitabu vya kale vya Ulaya vya kuita mashetani, miongoni mwa wafalme wao. Bibi wa familia alikuwa amemwandalia mwili tangu zamani, kwanza wa mtoto wake wa kiume, kisha wa Charlie, na sasa wa Peter, kwa sababu Paimon anataka mwili wa kiume. Kwenye kijumba cha juu ya mti wanampigia magoti kijana, wanamvika taji, wanazungumza naye kwa upole, wanamwambia wameusahihisha mwili wa kwanza aliopewa, ule wa kike. Wameusahihisha! Charlie aliambiwa na nani pole? Peter kaenda wapi? Watu wale wamejaa unyenyekevu wote kwa anayeingia, na anayetolewa hawamuagi hata kwa neno.

Kuna kipindi darasani, Peter hasikilizi, mwalimu anajadili misiba ya Wayunani wa kale: je, mtu asiye na hiari yoyote, msiba wake ni mkubwa zaidi au mdogo zaidi? Mwanafunzi mmoja anasema mkubwa zaidi, kwa kuwa hawakuwahi kuwa na tumaini. Filamu nzima inajengwa juu ya jibu hilo. Kila mlango umefungwa kabla wao hawajazaliwa. Ni kazi nzuri, imenitia hofu ambayo filamu za damu haziwezi kunitia, lakini hapo naachana nayo. Nimemwona mtu aliyewekewa mkeka, ubani, ukoo mzima na marehemu bibi juu yake, na akainuka.

Fundi alikuwa amesema pepo hajaridhika, ngoma irudiwe. Shangazi alikuwa keshaanza kutandika. Dada akasema, kwa sauti yake ya kila siku, ile anayonituma nayo dukani: "Sitaki. Humo siingii tena. Nataka kulia na mniache nilie." Shangazi akamwambia huyo ni pepo anasema. Dada akamtazama, akamjibu, "Shangazi, ni mimi." Akalia palepale kiwandani mpaka majirani wakatoka darini kuangalia, na mama, Mungu amjaze kheri, akaketi chini kando yake bila kumwambia asubiri wala ashukuru.

Waliokuwa wakimhimiza azae haraka, ili mtoto mwingine azibe pengo, nao aliwajibu. Alikwenda mwenyewe zahanati kuuliza njia za kupanga uzazi. Mumewe alinuna kwa muda, kisha safari iliyofuata akamsindikiza. Sasa anasuka mikeka na kufundisha watoto wa mtaa Kurani jioni, na kuna siku hatoki kitandani, na siku hizo tunamwachia chai mlangoni.

Shangazi hajabadili maneno yake. Anasema pepo wa bibi amekataliwa na dada, kwa hiyo yuko njiani kuja kwangu. Nimemwambia kwa heshima kwamba akifika, mimi niulizwe kwanza.