Ganda la risasi likikutia shaka, tupa

Mimi ni fundi wa vyuma hapa Nakuru, nakereza bushi, nafufua pampu za maji, brasi ya skrapu nashika siku nzima, kwa hivyo nilikuwa najiona naijua brasi kabisa mpaka nikaenda Texas kumtembelea shemeji, kaka ya mke wangu. Huko yeye hobi yake ni kulenga shabaha, na risasi za bastola anajijazia mwenyewe kwenye gereji, yaani ganda, kile kikopo cha brasi kinachobaki risasi ikishapigwa, analiwekea baruti na kichwa kipya. Anaokota maganda yaliyotumika pale uwanjani, anayaleta nyumbani na ndoo, halafu kazi inaanza. Vijana wa karakana hawachoki kuniuliza hiyo stori so wacha niiandike mara moja.

Kabla mtu hajapata mawazo: hapa Kenya hii si hobi ya kufanyia uani. Sheria ya Silaha, Sura 114, haina mchezo, hata risasi moja bila cheti ni kesi. Mambo ya baruti siyaongelei. Naongelea ile kazi ya mwanzo, ya kukagua na kupanga maganda, kwa sababu hiyo ndiyo ilinifunza kitu.

Jua kali hakuna kinachotupwa. Pampu ikipasuka tunachomelea, bushi ikiisha inayeyushwa, hata vumbi la brasi chini ya mashine linafagiliwa na kuwekwa kwa mkebe. Shemeji yeye anatupa! Mwanzoni niliona ni madharau ya watu wa majuu, nikishika ganda nasema hili bado zima, anaangalia sekunde moja, "Shem, hiyo tupa." Halafu akanieleza presha. Tairi ya Probox unajaza pauni kama 35 kwa inchi ya mraba, sawa? Risasi ya 9mm ikilipuka inaruhusiwa kufika 35,000. Mara elfu moja, na ukuta wa brasi mwembamba ndio unaoziba hiyo presha isikurudie usoni. Hapo nikanyamaza nikaanza kutupa kama yeye.

Kitu cha kwanza ni sumaku, hiyo hata sisi tunaijua. Kuna maganda ya chuma yamepakwa rangi ya brasi, macho yatakudanganya lakini sumaku haidanganywi. Ya aluminiamu sumaku haiyashiki, hayo unayajua kwa rangi na wepesi, nayo yanatoka. Mara nyingine kwenye ndoo unapata risasi nzima iliyogoma kulipuka imejificha katikati ya maganda, na hiyo ndiyo sababu hawamwagi ndoo yote kwa mashine ya kuosha bila kupitisha mkono kwanza.

Halafu kaliba, yaani saizi ya risasi; 9mm, .380, Makarov, .40 na .45 zote ni majina ya kaliba. Hapa ndipo nilipenda sana kwa sababu ni kazi ya kalipa. Ganda la 9mm la kawaida ni milimita 19.15 kwa urefu, .380 ni kama 17.3, Makarov ni 18 na kitu. Ukiyatazama mezani ni watoto wa mama mmoja. .380 ikipita kati ya 9mm, ganda ni fupi, halishiki kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka, inavyotakikana. Na kuna ujanja mwingine, ganda la 9mm linaingia ndani ya .40, na .40 inaingia ndani ya .45, zinakwama hapo kama moja na huoni mpaka uangalie mdomoni. Ukiweka hiyo kwa presi, mashine ya kujazia, inakwama, hata pini inavunjika. .45 nazo ziko za praima kubwa na za praima ndogo (praima ni kile kifuniko cha kitakoni kinachowasha baruti), kaliba ni ile ile, tundu la praima ndilo tofauti, na kulazimisha praima kubwa kwa tundu dogo ni kutafuta mlipuko mezani.

Baada ya hapo unaangalia ndani. Kama kuna tundu moja katikati, la kupitishia moto wa praima, hiyo ni mtindo wa Boxer, inajazika. Matundu mawili madogo ni Berdan, hiyo unaweka kando, pini ya kutoa praima itavunjika. Kuna kichekesho hapa: Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini ni Wamarekani waliokumbatia ya Boxer, na Berdan ikaenda zaidi Ulaya.

Nyufa sasa. Shemeji anachukua maganda kama matano kiganjani, anayatikisa karibu na sikio. Mazima yanalia kengele kali safi, lenye ufa linatoa sauti bovu, imekauka, kama limeziba mafua. Nilijaribu mwenyewe, sikio la fundi halikuniangusha, nikalichomoa lile bovu, na kweli mdomoni kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mdomo uliopasuka haushiki kichwa vizuri, kinaweza kusukumwa ndani wakati bastola inajilisha, nafasi ya ndani inapungua na presha inapanda vibaya. Karibu na kitako unatafuta uvimbe wa upande mmoja, hasa kwa .40 zilizopigwa na bastola ambazo chemba, pale risasi inapokaa ikipigwa, haikumbati ganda lote. Ukiona umekunjamana kama tabasamu, kwaheri.

Rangi pia. Brasi ya maganda ni takriban asilimia 70 shaba na 30 zinki. Ukiona madoa ya waridi, zinki imeanza kuliwa na ukuta umelegea. Na usisafishe na kitu chenye amonia! Jeshi la Waingereza kule India walikuwa na maganda yanapasuka yenyewe stoo, hasa msimu wa mvua, na mpaka 1921 ndipo ikaelezwa vizuri kwamba ni amonia ya mikojo ya farasi, maana stoo zilikuwa zizini. Niliposikia hivyo nilifikiria valvu za brasi tunazofungia watu wa kuku. Samadi ya kuku inatoa amonia kibao, sasa nikiletewa valvu imepasuka bila kugongwa, kwanza nauliza ilikuwa imefungwa wapi.

Kung'arisha kwake ni kwa mwisho, baada ya kukagua, halafu anakagua tena, kwa sababu uchafu unaficha ufa na mng'ao nao unakufanya ulipende ganda.

Kitu nilichorudi nacho hasa ni mambo ya risasi ile ya madini, yaani ledi, si risasi ya bunduki. Masizi ya praima yana hiyo madini, vumbi lake linaingia kwa mikono na mapafu, kwa hivyo pale kwake hakuna kula mezani, na mikono inaoshwa na sabuni kabla ya kushika chochote. Brasi yetu ya kukereza mara nyingi ina kama asilimia 3 ya hiyo hiyo, na sisi tulikuwa tunakula mandazi juu ya benchi na vidole vinang'aa. Nimeweka mtungi wa maji na sabuni mlangoni, chai inanywewa nje. Vijana walinuna wiki nzima, mmoja bado ananificha kikombe nyuma ya mashine.