Nilianza na monita, laptopu ikafuata: nilivyonunua vifaa vya gemu Dodoma

Bajeti ilikuwa shilingi milioni 3.5 kwa kila kitu. Wengi tunaoanza gemu za kompyuta tunaimaliza yote kwenye laptopu, kisha tunaokoteza monita yoyote iliyobaki sokoni. Mimi niligeuza hesabu: monita kwanza, kwa sababu ndiyo inayopanga mzigo ambao kadi ya grafiki itabeba kila sekunde.

Monita ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina pikseli 3,686,400, karibu mara 1.8. Kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu, kadi inazichora zote upya, kwa hiyo laptopu inayokupa fremu 100 kwa sekunde kwenye monita ya kwanza usiitegemee ikupe 100 kwenye ya pili. Kwa bajeti yangu jibu lilikuwa 1080, na ukishachagua 1080, inchi 24 ndizo saizi yake. Hapo unapata pikseli kama 92 kwa kila inchi. Ukiivuta picha hiyohiyo hadi inchi 27 zinabaki kama 82, na maandishi madogo yanaanza kuonyesha meno ukikaa karibu mezani. Inchi 27 waachie wenye 1440.

Kuhusu kasi, Hz ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde: monita ya 60 Hz inabadilisha picha kila milisekunde 16.7, ya 144 Hz kila 6.9. Tofauti hiyo hata mgeni anaiona dakika ya kwanza, hasa kwenye gemu za mpira pale kamera inapomfuata winga anayekimbia. Kutoka 144 kwenda 240 pesa inatoka nyingi kuliko kinachoonekana, tena laptopu ya bei ya kati haitafikisha fremu hizo kwenye gemu nzito. Nilichukua 144 Hz yenye kioo cha IPS. Aina nyingine ya kioo, VA, ina weusi mzuri zaidi, lakini vitu vyeusi vinavyotembea huacha kivuli nyuma. Ya tatu, TN, rangi zake zinageuka ukisogea pembeni kidogo.

Sasa laptopu. Hapa ndipo pana mtego mkubwa, nao haupo kwenye jina la kadi, upo kwenye wati. RTX 4060, kadi ya grafiki ya laptopu kutoka NVIDIA yenye kumbukumbu ya GB 8, kampuni yenyewe inaruhusu itengenezwe kuanzia wati 35 hadi 115. Jina moja, stika moja, mashine mbili tofauti. Laptopu nyembamba iliyopewa wati chache inaweza kukaribiwa kabisa, hata kupitwa, na RTX 4050 iliyoshibishwa umeme, ingawa 4050 ina GB 6 tu za kumbukumbu na gemu mpya zinazijaza haraka. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni i7 na ina RTX, inapiga gemu lolote." Hajadanganya, ila hajakwambia kitu.

Ninavyokagua dukani: nafungua NVIDIA Control Panel, nabonyeza System Information, naangalia mstari wa Maximum Graphics Power. Kama laptopu imezimwa au programu haipo, nageuza chaja na kusoma maandishi yake. Zidisha volti kwa ampea: volti 20 kwa ampea 11.5 ni wati 230, hiyo ni chaja ya mashine iliyokusudiwa kazi. Ukikuta chaja inaishia wati 120, ujue kadi na prosesa haviwezi kula vikashiba kwa pamoja, stika iseme inachosema. Chaja ndiyo shahidi ninayemwamini kuliko boksi.

Na hiyo i7 yenyewe, yaani prosesa ya Intel, soma herufi ya mwisho. Namba zinazoishia na H, HX au HQ ni za mashine za kazi nzito. Zinazoishia na U zimetengenezwa kulinda betri. Laptopu za mtumba za ofisini zenye i7 ya U ni nyingi na ni nzuri kwa Excel.

RAM, kumbukumbu ya kazi ya prosesa, nilitaka GB 16, na nilitaka ziwe vipande viwili vya 8. Kipande kimoja cha 16 kinamfanya prosesa apitishe data kwenye njia moja badala ya mbili, na kwenye gemu fremu zinashuka. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, nenda Performance kisha Memory, utaona Slots used. Ikisema 1 of 2, tenga pesa ya kipande cha pili chenye kasi ileile. SSD, hifadhi ya mafaili, ya GB 512 inajaa mapema: Counter-Strike 2 peke yake inaomba GB 85. Uliza kama kuna nafasi ya pili ya M.2 ndani, pale SSD nyingine inapochomekwa.

Ukinunua mtumba, andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, ulinganishe Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo iliobakiza). Hakikisha pia mashine inakubali Windows 11, maana Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na gemu kama Valorant kwenye Windows 11 haziwaki bila TPM 2.0 na Secure Boot, kinga za usalama zilizo ndani ya mashine. Jaribio la gemu lifanyike chaja ikiwa imechomekwa, si chini ya nusu saa. Dakika tano hazitoshi, chuma bado cha baridi. Kwenye betri kila laptopu ya gemu hushusha nguvu, hivyo usiihukumu kwa hilo.

Monita niliitoa Kariakoo. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, kwenda kukagua mwenyewe kumekuwa rahisi kuliko kubishana kwa picha za simu. Nilifungua picha tano za rangi moja moja, nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu, zikajaa kioo kizima, nikatafuta pikseli zilizokufa. Ukiamua kuituma kwa basi, ikae kwenye boksi lake na maboya yake, isimame wima, isilazwe chini ya magunia.

Kuunganisha ndiko kulikonipa kazi kuliko kununua. Boksi linasema 144 Hz, unachomeka, unacheza, na kumbe uko 60. Windows mara nyingi huanzia hapo yenyewe. Ingia Settings, System, Display, Advanced display, uchague 144 kwa mkono. Kama 144 haipo kwenye orodha, tatizo ni tundu au kebo. HDMI 1.4 kwa 1080 kwa kawaida inaishia 120 Hz, na monita nyingi za bei nafuu tundu lao la HDMI ni la aina hiyo, 144 kamili ikiwa kwenye DisplayPort tu, tundu jingine la picha. Kwangu ilikuwa hivyo hasa. Suluhisho likawa kebo ya USB-C kwenda DisplayPort ya mita 2, kwa sharti kwamba tundu la USB-C la laptopu linatoa picha. Tafuta alama ya D yenye P ndani pembeni ya tundu. USB-C ya kuchajia tu haitafanya kitu.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwenye matundu. Kwenye laptopu nyingi HDMI imeungwa moja kwa moja na kadi ya NVIDIA, wakati USB-C inapitia grafiki ndogo ya prosesa, na nyingine ni kinyume chake. Ukurasa wa Configure Surround, PhysX ndani ya NVIDIA Control Panel unachora kila monita iko chini ya nani. Ukikuta USB-C yako iko kwa ile ndogo, pima vyote viwili: 120 Hz ya moja kwa moja inaweza kuwa bora kuliko 144 ya kuzunguka. Mwisho bonyeza Windows na P, uchague Second screen only, ili kadi isichore skrini mbili. Ila mfuniko usiufunge. Laptopu nyingi zinavuta hewa kupitia kwenye vitufe.

Joto la Dodoma linastahili hesabu yake. Ukinunua Julai, usiku wa baridi, vipimo vitakupendeza mno. Chumba kikipanda nyuzi 10, chipu nayo inapanda karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo pima tena Oktoba au Novemba saa nane mchana ndipo uamini. Halafu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu sehemu moja kati ya kumi, na feni inapuliza hewa hiyo hiyo nyepesi. Nilichofanya: vipande viwili vya mbao vya sentimita 2 chini ya nyuma ya laptopu, na fremu nikazifungia kwenye 141 ndani ya NVIDIA Control Panel. Fremu za ziada monita haizionyeshi, zinaleta joto na kelele tu.

Vumbi jekundu nalo. Kwa mtaa usio na lami nafungua mfuniko wa chini kila baada ya miezi miwili, na kabla ya hapo nauliza muuzaji kama kufungua kunavunja dhamana. Zima, chomoa chaja, chomoa na betri ndani. Zuia panga la feni kwa kijiti cha meno kabla ya kupuliza, kwa sababu feni inayozungushwa kwa upepo mkali inaweza kuharibu beringi zake. Puliza kutoka kwenye mapezi ya shaba kurudi ndani kwenye feni, ambako vumbi limegandamana kama kipande cha blanketi.

Umeme. Laptopu haihitaji UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, kwa sababu ina betri yake. Nilinunua UPS ndogo ya volti-ampea (VA) 650 kwa ajili ya monita na ruta tu, jumla yake kama wati 35, na inashika takribani saa moja betri ikiwa mpya. Chaja ya laptopu ipo kwenye soketi ya ukutani yenye kinga, kwa plagi yake ya pini tatu. Adapta za kugeuza pini bapa zinalegea, na kwa wati 200 pini iliyolegea inachemka.

Matumizi niliyapima kwa mita ya LUKU: nikazima friji na taa, nikasoma uniti, nikacheza saa 2, nikasoma tena. Zilikwenda chini kidogo ya uniti 0.4. Kwa saa 3 kila siku ni kama uniti 17 kwa mwezi. Kama nyumba ipo kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hizo 17 zinaweza kukutoa humo na kila uniti ikapanda bei, hata ya pasi. Waambie wa nyumbani kabla.

Kilichobaki ni kuzipata gemu bila kuteketeza bando. Steam ina uwezo wa kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao wa ndani. Jamaa mwenye gemu hiyo aje na mashine yake, kila mmoja aingie kwenye akaunti yake, na kwenye Settings, Downloads mruhusu uhamishaji pande zote mbili. Unganisheni kwa kebo kwenye ruta yenye matundu ya gigabiti, siyo kwa Wi-Fi. Intaneti inatumika kidogo tu kwa uhakiki, na zile GB 85 zinavuka kwa kama robo saa.