Jiwe la Milimita 4 na Figo la Ng'ombe Lililonionyesha Lilikotoka

Mimi ni mpima ardhi, na kwa miaka sita sasa siku zangu nyingi huishia kwenye viwanja vipya vya upande wa Mtumba na Ihumwa. Anayeijua Dodoma ya mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, anaufahamu ule upepo mkavu unaokausha jasho kabla hata hujalihisi. Kwenye viwanja hivyo hakuna choo wala kichaka cha kujistiri, na kwa kuwa timu yetu ina wanaume na wanawake, nilijizoeza kutokunywa maji tangu asubuhi mpaka nirudi nyumbani saa kumi jioni. Nilijiona mjanja.

Maumivu yalinishika usiku wa manane, mgongoni upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu, yakateremka hadi kinenani. Yalikuwa yakija na kuachia, kisha yakirudi kwa nguvu zaidi, na hapakuwa na mkao ulionipa nafuu. Katika zahanati niliyokimbilia niliambiwa ni U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa vidonge vya siku saba bila mkojo wangu kupimwa. Siku ya nne nilikuwa nikigaagaa sakafuni, ndipo mke wangu akanipeleka hospitali. Huko mkojo ulionekana kwa hadubini kuwa na damu, na picha ya CT ikaonyesha jiwe la milimita 4 karibu kabisa na mlango wa kibofu, pamoja na vijiwe viwili vya milimita 2 vilivyokuwa bado ndani ya figo.

Mama yangu alikuwa amekwisha kutoa hukumu. "Mwanangu, ni haya maji ya chumvi," alisema, akinionyesha ukoko mweupe ndani ya birika. Nami niliamini hivyo, mpaka daktari, binti wa umri wa kuweza kuwa mwanafunzi wangu, aliponieleza kwamba ukoko wa birika ni kalsiamu kaboneti, ilhali mawe mengi ya figo ni kalsiamu oksaleti, yaani kalsiamu iliyoshikana na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya vyakula vya mimea, na kwamba ugumu wa maji ya kunywa si chanzo kikubwa cha mawe hayo. "Baba, maji hayajakuponza," aliniambia. "Kilichokuponza ni uchache wake."

Alichora figo nyuma ya karatasi ya majibu, lakini mimi ni mtu wa kuona kwa macho. Nilipomwambia kwamba nitakwenda buchani, alicheka, akanishauri nichukue la ng'ombe, kwa maana la mbuzi lina chuchu moja tu, yaani ncha moja ya kutolea mkojo. Jioni ile nilililaza figo hilo kwenye ubao wa jikoni na kulipasua kwa urefu. Kwa nje lina vinundu vingi, tofauti na letu lililo laini. Tena halina beseni lile linalokusanya mkojo katika figo la binadamu kabla haujaingia kwenye mrija uendao kwenye kibofu. Lakini ndani somo lilikuwepo lote: gamba jekundu linalozunguka nje, kisha piramidi zenye michirizi, na kila piramidi imeelekeza ncha yake ndani, ncha hiyo ndiyo chuchu, nayo imekaa ndani ya kikombe chake kama kidole ndani ya mtondoo. Binadamu kwa kawaida ana piramidi 8 hadi 18 katika kila figo.

Damu huchujwa kule kwenye gamba, katika vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja kwa kila figo. Mafigo mawili huchuja takriban lita 180 kwa siku, na karibu zote hurudishwa mwilini. Kinachobaki, lita moja hadi mbili, ndicho mkojo. Unapoteremka ndani ya piramidi, mkojo huzidi kunyonywa maji, na kwa mtu mwenye kiu hufika kwenye chuchu ukiwa mzito kupita damu yake hata mara nne. Hapo ndipo kalsiamu na oksaleti hukutana kwa wingi kiasi cha kushindwa kubaki zimeyeyuka. Mwaka 1937 daktari wa upasuaji wa Marekani, Alexander Randall, alieleza mabaka meupe ya kalsiamu aliyoyakuta kwenye chuchu za mafigo ya maiti, na mengine yalikuwa na vijiwe vimeshikamana nayo. Kwa hiyo jiwe langu huenda lilining'inia kwenye chuchu kwa muda mrefu bila maumivu yoyote. Maumivu yalianza lilipochomoka na kuziba mrija wenye upana wa milimita tatu au nne hivi, huku figo likiendelea kumimina mkojo nyuma yake.

Nilipewa dawa ya maumivu na nyingine ya kulegeza mrija, nikaambiwa nikojoe juu ya chujio. Nilitoa sadaka chujio la chai. Siku ya tisa nilisikia mlio mdogo kwenye waya: kitu cha kahawia, chenye ukubwa wa punje ya mtama, lakini kina miiba mifupi pande zote. Maabara ilithibitisha kuwa ni kalsiamu oksaleti.

Sasa nabeba chupa mbili za lita moja na nusu, na tumekubaliana kazini kwamba gari litatupeleka chooni mchana, jambo lililohitaji ujasiri zaidi kulisema kuliko kulitekeleza. Nakunywa glasi moja kabla ya kulala na nyingine nikiamka usiku, kwa sababu mkojo huwa mzito zaidi alfajiri. Ndimu nakamulia kwenye maji, kwani sitrati yake huzuia kalsiamu isishikane na oksaleti. Chumvi nimepunguza, maana huongeza kalsiamu kwenye mkojo. Mlenda wa karanga, ingawa una oksaleti, sijauacha, ila nauambatanisha na maziwa ya mgando, ambayo kalsiamu yake huikamata oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye damu. Nilikuwa karibu kuacha maziwa, na hilo lingekuwa kosa.

Picha ya mwaka uliofuata ilionyesha vijiwe viwili bado vimekaa kwenye kikombe cha chini kabisa cha figo, mahali ambapo mkojo huvisukuma kwa shida. Havijakua. Daktari amesema tuviache, nami kila alfajiri natazama rangi ya mkojo kabla ya kupiga mswaki.