Siku moja maishani mwangu: injini ya 1KD ndani ya Hilux ya zamani, Uyole, Mbeya

Saa 12:30 asubuhi

Mwezi wa saba hapa Uyole spana unaishika kwa kitambaa, maana chuma kilicholala nje usiku kucha kinauma vidole. Dogo anawasha jiko la mkaa, mimi nakwenda moja kwa moja kwenye Hilux. Ni bodi ya miaka ya tisini iliyokuja na 3L: dizeli ya cc 2,779, haina turbo, pampu yake ya kimakanika. Sasa chini ya boneti imekaa 1KD-FTV, dizeli ya turbo ya cc 2,982 iliyotoka kwenye Prado. Injini na gia boksi yake vilishaingia, maunti za kushikilia injini zimechomelewa, propela shafti imekatwa na kubalansiwa kwa fundi mashine. Leo tunawasha.

Saa 1:30

Mwenye gari anafika na gunia la mkaa begani. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, leo litalia?" Kazi yake ni kupandisha mbolea Isyonje na kurudi na viazi, na lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, hazina huruma na gari. Kwa miaka mingi amepanda mlima ule kwa gia ya pili huku nyuma akiacha moshi mweusi.

Nilimweleza tangu mwanzo kwamba 3L yake haikuwa mbovu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na ukifika Isyonje umeshavuka 2,000. Huko juu hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyohiyo pungufu, kwa hiyo ukikanyaga mafuta zaidi, ile dizeli isiyopata hewa inatoka ekzosi ikiwa masizi. Turbo inaisukuma hewa ndani kwa nguvu, na ndiyo maana watu wa nyanda za juu wanaitamani kuliko mtu wa Dar.

Saa 2:00

Tunamimina oili. Hapa niseme jambo kwa yeyote anayetaka kununua 1KD ya mtumba. Usiifunge kabla hujafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini hizi, hasa za miaka ya mwanzo, zina washa za shaba chini ya nozeli zinazopuliza dizeli. Zikichoka, gesi ya mwako inapenya, oili inaungua, na masizi yanateremka hadi kwenye chujio la pampu ya oili. Chujio likiziba, injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kikikuonyesha imejaa. Ya mzee tuliifungua ikiwa bado chini. Nilimulika tochi kwenye chujio nikakuta punje nyeusi ngumu zimeganda kwenye wavu, karibu robo ya uso wake. Ukizikwangua kwa kucha zinavunjika kama makoko ya sufuria. Tukaosha, tukabadili washa zote za nozeli na mkanda wa taimingi kabisa. Muuzaji alisema injini ni nzima, na kweli ilikuwa nzima, ila isingefika mbali.

Saa 3:00

Anaingia dada fundi umeme na mita yake. Kuanzia hapa gereji ni ya kwake, mimi nashika taa.

Watu wengi wanadhani kazi ya kubadili injini ni winchi na kuchomelea. Kwa 3L ilikuwa hivyo: ukishapata stata na plagi za moto, unahitaji waya mmoja tu wa kufungua dizeli kwenye pampu, na gari linatembea. 1KD haifanyi chochote bila kontrol boksi, yaani kompyuta yake. Inataka kujua krenki imefika wapi, kemshafti iko wapi, maji yana joto kiasi gani, hewa inayoingia ni kiasi gani, presha ya dizeli kwenye reli, lile bomba linalogawia nozeli, ni ipi. Nozeli zenyewe zinapigwa umeme na boksi jingine la pembeni. Hata pedali ya mafuta haina kebo tena, ni sensa, kwa hiyo pedali ya Prado nayo imebidi ihamie kwenye Hilux.

Ndiyo maana nawasihi wateja wanunue kutoka gari lililokatwa nusu: injini, waya wote, boksi zote, pedali, na funguo kama gari lilikuwa na ulinzi wa funguo. Anayenunua injini tupu kwa sababu ni rahisi ataimaliza ile nafuu akizunguka Mwanjelwa kutafuta kontrol boksi inayokubaliana nayo, na bado asipate.

Dada anapita waya kwa waya, anaandika kwenye karatasi za utepe na kubandika. Haungi waya kwa kusokota, anatumia risasi na mpira wa kubana kwa joto. Hilo peke yake linanifanya nimsubiri hata wiki.

Saa 5:30

Tunaondoa soketi ya boksi la nozeli ili injini izunguke bila kuwaka. Kwenye turbo nimeshadondoshea oili kwa mkono, maana shafti yake haitakiwi kuzunguka kavu hata sekunde chache. Dogo anapiga stata hadi taa ya oili inazima. Tunarudisha soketi, tunapampu dizeli kwenye filta hadi inakuwa ngumu, tunapiga tena.

Inazunguka vizuri. Haiwaki.

Mashine ya kusomea inatoa P0335, yaani boksi halioni ishara ya krenki. Mzee anauliza kama injini imekufa. Namwambia hapana, imekaa kimya tu, haijui iko wapi.

Sensa tukaipima, nzima. Soketi nzima. Dada akaanza kuvuta waya wa sensa taratibu kwa vidole, inchi kwa inchi, mita ikiwa imeunganishwa. Karibu na pale waliokata gari walipoukunja mkanda wa waya, plastiki ya nje ilikuwa safi kabisa, ila akivuta inarefuka kama mpira. Shaba ndani ilikuwa imekatika. "Hapa, kaka," akasema, wala hakuinua kichwa.

Saa 7:00

Ugali, maharage, parachichi. Tumekula tumesimama.

Saa 7:45

Imewaka. Moshi mweupe kidogo, kisha ikatulia. Sauti ya reli ni nyororo ukizoea mgongano wa 3L. Mzee akashika bodi kwa kiganja akaniambia, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Mimi nilikuwa naangalia mipira ya maji.

Saa 9:00

Sipimi gari tupu. Tumepakia mbolea ya mzee, mifuko 16 ya kilo 50, tukapita Igawilo tukaanza kupanda. Pale alipokuwa akishuka gia ya pili, tumepita na ya nne bila kulazimisha. Geji ya joto haikusogea, maana rejeta ya zamani tuliiacha, tukafunga ya Prado, na intakula, kipoza hewa ya turbo, tukaiweka mbele yake ili boneti isikatwe. Mzee alikuwa anacheka peke yake. Nami nilifurahi, siwezi kuficha.

Tukageuza na mzigo uleule, kwa sababu pesa ya mzee inateremka na viazi. Nilishuka kwa gia, na hata hivyo breki ya mguu ilizidi kwenda chini kuliko nilivyopenda, harufu ya breki za mbele ikaingia ndani. Nikaegesha.

Haidrovaki inayoongezea mguu nguvu ya breki ilikuwa sawa, mpira wa vakyumu umekaa. Nikaingia chini nyuma. Hilux hizi zina vali ya breki yenye fimbo iliyoshikana na difu: mzigo ukikaa, fimbo inasukumwa, breki za nyuma zinapata presha zaidi. Fimbo hii kuna mtu aliwahi kuifungua akaifunga kwa waya kwenye chesisi, katika mkao wa gari tupu. Gari limekuwa likijiona tupu kila siku, na breki za mbele zimekuwa zikibeba viazi vyote peke yao. Kwa 3L halikupata mwendo wa kulionyesha hilo. Kwa nguvu farasi zaidi ya 160, lingeonyesha kwenye kona.

Saa 11:15 jioni

Mzee anataka kuondoka nalo, kesho ni siku ya kupakia. Nimemwambia sitoi funguo. Akaniambia breki hizo amezitumia miaka yote. Nikamwonyesha ule waya na diski zilivyobadilika rangi kwa joto. Alikaa kwenye tairi muda mrefu, kisha akamwambia dogo afunike mbolea kwa turubai.

Saa 12:30

Kesho tunafungua fimbo na kuirudisha mahali pake, breki pedi mpya mbele, breki shuu nyuma, oili ya breki yote ibadilishwe, halafu tunateremka tena na mzigo. Nimempa mzee nyaraka za ununuzi wa injini azipeleke TRA, kwa sababu kadi yake bado ina namba ya 3L. Dada ameacha mchoro wa waya, nimeubandika ndani ya mlango wa dashibodi ili fundi yeyote atakayelifungua gari hili mbele ya safari ajue kila rangi inakwenda wapi.